Kufuta au Kuweka Juu Yake

Siku ya nne ya kufungiwa kwangu, kompyuta ilikataa kuwaka.

Nilikuwa katika chumba cha nyuma cha biro, ofisi ndogo ya parokia, upande wa Kampemba, na mwenye ufunguo alikuwa mama aliyenipa kazi. Hakunifungia kwa ubaya. Vita vilikuwa vimeanza mashariki, na hapa Lubumbashi vijana walikuwa wameweka vizuizi barabarani, wakimsemesha kila mpita njia ili wasikie anavyotamka, maana mtu wa mashariki walimhesabu adui. Mimi ni mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini. Nilikuja na mjomba wangu, aliyekuwa akiuza bidhaa kwa jumla, na miaka yangu yote mjini haikuniondolea ule mvuto wa maneno wa kwetu. Mjomba alipata lori la kwenda Kasumbalesa, mpakani, akavuka kuingia Zambia. Mimi nilisema nitamfuata kesho yake. Kesho yake njia ilikuwa imefungwa.

“Bakikusikia unasema, basi,” mama aliniambia. “Baki humu.”

Yeye alikuwa wa kaskazini mwa Katanga, binti wa mfanyakazi wa reli. Watoto walioshuka kwenye treni bila wazazi, wakikimbia mapigano, aliwaandika mmoja mmoja: jina, kijiji, nyumba iliyompokea. Karatasi zake nilizihamishia kwenye kompyuta, kisha tukazitupa. Wakati ule tuliona ni maendeleo.

Nilipojaribu mara ya tano mashine iliamka, lakini ikawa inakwama kila baada ya dakika chache. Mfumo wake ulikuwa umeoza. Ndani ya mtoto wa meza tulikuwa na CD ya mfumo mpya, iliyotoka Zambia. Nikamweleza mama kwamba njia ni mbili. Ya kwanza, kuweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani: orodha inabaki mahali pake, lakini kazi ni ya saa nyingi, umeme ukikatika katikati tunapoteza vyote, na pengine ugonjwa wa zamani unabaki chini. Ya pili, kufuta kila kitu na kuanza upya. Hiyo ni ya haraka na safi, ila lazima kwanza orodha itolewe.

“Usifute, mudogo yangu,” alisema. “Batoto bote bako mule.”

“Tutawatoa kwanza, Mama.”

Tulikuwa na disketi chache za zamani. Nilinakili orodha humo, kipande kwa kipande. Mama hakuziamini. Alileta kaye, daftari la shule, akakaa kando yangu, akaniambia nimsomee majina kutoka kwenye kioo aandike kwa mkono. Nilisoma kwa kunong'ona, maana dirisha lenye nondo lilielekea uani kwa jirani. Tulifanya hivyo siku mbili. Koo lilikauka, na kila mlango wa gari ulipobamizwa nje nilinyamaza katikati ya jina la mtoto.

Alasiri ya siku ya pili watu waligonga mlango wa biro. Mama alinifungia, akaenda kuwapokea. Niliwasikia wakiuliza kama kuna mgeni, naye akajibu taratibu kwamba hapa iko kazi ya watoto tu. Waliondoka. Aliporudi alishika tena kalamu.

“Tumalize. Imebaki ukurasa mumoja.”

“Uko kwenye disketi,” nilisema. “Inatosha.”

“Hakika?”

“Hakika.”

Sikuwa na hakika. Nilikuwa nimechoka kunong'ona. Na nikiri jambo lingine: kwa siku zote zile mtu mwingine ndiye aliyeamua nile lini, ninyamaze lini, nisogee mbali na dirisha lini. Kufuta au kutofuta ndilo jambo pekee lililobaki mkononi mwangu. Nikafuta.

Umeme haukukatika. Kabla ya jioni mfumo mpya ulikuwa unawaka vizuri. Niliingiza disketi moja moja, na zote zikafunguka isipokuwa ya mwisho, ile yenye ukurasa ambao hatukuuandika.

Mama hakunigombeza. Alikaa akachapa upya kutoka kwenye kaye, nami nikawa nageuza ile disketi kama mtu anayetafuta upande wake wa kweli.

Juma lililofuata alikuja mwanamke kumtafuta binti yake. Mlango ulikuwa umefungwa lakini niliwasikia. Mama alipitia kaye yote, akamwambia hayumo. Mwanamke hakulia. Alitaja tena jina la mtoto na la kijiji, polepole, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Na mimi nilimkumbuka mtoto huyo. Nilikuwa nimemchapa kwa vidole vyangu: alipelekwa mtaa wa Hewa Bora, kwa mjane anayeuza makala, mkaa wa kupikia.

Mbele kulikuwa na watu wengine wakingoja. Nilisimama nyuma ya mlango. Kisha nikabisha.

Mama alifungua. Nilisema niliyoyajua, kwa sauti yangu yenyewe. Watu waligeuka. Mzee mmoja alinikazia macho, akarudi kutazama kofia yake magotini. Mwanamke aliniuliza, “Huyo mujane nyumba yake iko upande gani?” Nikamweleza.

Mama aliondoka naye kwa miguu. Kabla ya kwenda alinirudisha chumbani, na nikasikia ufunguo ukigeuka. Mtoto walimkuta. Watoto wengine wa ukurasa ule niliwakumbuka watatu tu, na mama akazunguka mitaa kuwatafuta waliobaki, nami ndani nikingoja arudi na majina yao, mbele ya mashine iliyofanya kazi bila kasoro.