Neno Alilolifuta Ayub

Kaka yangu Ayub hawezi kuona Kiswahili kibovu akanyamaza. Hata salamu za Idi huzisahihisha kwanza ndipo aitikie. Mama alikuwa akisema huyu ataoa kamusi.

Mchana hutengeneza simu dukani kwetu hapa Voi. Kazi yake ya pili haina mshahara. Aliandika programu ya kuwaonya wakulima: ukimwona tembo karibu na mashamba unatuma ujumbe mfupi, programu inausoma, na ikikuta jina la mnyama inawapelekea majirani wote. Aliiweka wazi mtandaoni. Yeyote aichukue, yeyote apendekeze marekebisho, ila kukubali au kukataa kulibaki kwa Ayub. Watu wa Chala waliichukua, na wa mashamba ya chini ya Chawia pia. Basi shida zao zote zikawa zake. Walimpigia akila, walimpigia akitoka msikitini, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Nilichukia, sifichi.

Mwaka huu akaamua kuisafisha. Kati ya maneno ambayo programu iliyatambua akakuta "njovu", lililoongezwa zamani na Cynthia, mwalimu wa Werugha. Ayub akacheka peke yake. Mwalimu mzima, ndovu limemshinda kuandika! Akalifuta bila kumuuliza Cynthia wala mtu mwingine.

Njovu ni ndovu kwa Kidawida, lugha ya Wataita.

Wiki hiyo hiyo, alfajiri, Tryphena wa chini ya Chawia alimwona ndovu dume karibu na bomba la maji. Akatuma ujumbe kama alivyozoea. Programu haikulijua neno lake, ikakaa kimya. Ng'ambo ya korongo, shemeji yake Josephat, ambaye hakuwa akitoka nje kabla ya kuangalia simu, aliangalia, hakuona kitu, akabeba mitungi kwenda bombani. Alizikwa Jumamosi.

Nilijaribu kumtuliza kaka yangu. Nikamwonyesha maneno aliyoyaandika mwenyewe kwenye ukurasa wa programu, kwamba inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote.

"Josephat hakuyasoma hayo, Rayhana," akaniambia. "Yeye alisoma simu yake tu."

Tukaenda kuhani. Watu walimshukuru Ayub kwa msaada wake wa miaka yote, na shukrani zile ziliniuma kuliko matusi. Tryphena alitukaribisha chai, kisha akamnyooshea Ayub simu yake, ule ujumbe ukiwa wazi.

"Nisomee, kijana yangu. Ni wapi niliandika vibaya?"

Ayub akausoma ujumbe hadi mwisho.

"Hukukosea, mama. Mimi ndiye niliyelifuta neno lako. Nilidhani ni makosa."

Mama yule akaichukua simu yake. Nilitamani amfokee.

"Hiyo ni neno ya nyumbani tu," akasema polepole, kana kwamba yeye ndiye anayepaswa kuomba radhi.

Ayub amelirudisha neno. Siku hizi hafuti kitu kabla ya kuwapigia wanaokitumia, na simu zao anazipokea hata akiwa na tonge mkononi. Lakini Tryphena haliandiki tena njovu. Ujumbe wake ukiingia, umeandikwa ndovu, herufi zote mahali pake. Ayub akishausoma huiweka simu kifudifudi mezani.