Gameli ya Baba na Ukubwa wa Kongo

Gameli ya baba ilinuka samaki wa moshi, mawese na mazuti, yale mafuta ya treni. Ilikuwa chombo cha alumini chenye kifuniko na mshikio, na hata mama akiisugua kwa majivu mpaka ing'ae, ukiifungua tu harufu ile ilikupokea mlangoni. Baba alikuwa dereva wa treni, na sisi watoto wa kambi ya reli pale Kamina hatukujua kilomita ni mdudu gani. Mama alipima nchi kwa chakula. Bukama ilikuwa safari ya gameli moja. Kananga ilitaka gameli na furushi la mihogo juu yake. Ukimuuliza kama mahali fulani ni mbali, alitupia jicho jikoni kwanza ndipo akakujibu.

Vita vya pili vya Kongo vilipoanza, nasi hatujamaliza kupumua kutokana na vile vya kwanza, baba alipangiwa treni ya Kabalo, upande wa kaskazini. Mama akamfungia bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya mihogo na samaki, chakula cha kwenda. Cha kurudi angenunua hukohuko. Treni ikaondoka, na nyuma yake njia ikakatwa. Majeshi yakakaa katikati, upande huu ya serikali na upande ule ya waasi, na hapakupita tena mtu wala salamu. Ndege za Base, ile kambi ya jeshi waliyoijenga Wabeligiji, zilituruka chini chini hata mabati yakatetemeka. Mama hakulia mbele yetu, lakini ule msumari wa jikoni uliokuwa ukining'iniza gameli alikataa kisitundikwe kitu kingine. Dada yangu alitundika mwiko siku moja, akakiona cha moto.

Madarasa ya shule yetu yalijaa wakimbizi waliotoka huko huko kaskazini, basi tukawa tunasomea uani. Mama Mwalimu, mwanamke wa kanisani, mnyoofu kama rula yake, hakukubali vita vimnyang'anye jiografia. Katika kitabu chake kimoja kilichobaki, kila nchi ilianza na superfisi, yaani eneo lake, kabla ya watu, kabla ya mazao, kana kwamba hapo ndipo maendeleo yote yanapoanzia. Akatuambia kila mtoto alete konzi ya mahindi. Nilipofikisha ujumbe huo nyumbani, mama alinitazama nikadhani nitapigwa.

"Mahindi iko ya kula, haiko ya kuchezea!"

"Kiisha kupima, atayapikia bale bakimbizi," nilisema.

Mama akaingiza mkono guniani. Konzi aliyonipa ilikuwa kubwa kuliko niliyoombwa.

Asubuhi hiyo Mama Mwalimu alichora Kongo kwa majivu, uani pote, kutoka ukuta wa vyoo mpaka mlangoni. Kando yake akachora Ubeligiji, kwa kipimo kilekile. Tukaambiwa tutandaze mahindi, kati ya punje na punje upana wa kiganja. Ubeligiji ilijaa kwa konzi ya mtoto mmoja, tena nyingine zikabaki mkononi mwake. Tukacheka mpaka tukaanguka. Wale waliojenga Base yenye uwanja wa ndege usio na mwisho, kumbe kwao ni hapa tu! Kisha tukaingia Kongo. Tulimwaga, tukasambaza kwa viganja, tukatambaa kwa magoti, na nchi ikawa inataka tu. Mahindi ya darasa zima yalikwisha kabla hatujafika msituni. Wakimbizi walitoka madarasani kututazama, wakasimama pembeni ya mstari wa majivu, wakiogopa kuukanyaga. Sijawahi kuingia kanisa lililonishtua namna ile.

"Muone inchi yenu," alisema Mama Mwalimu kwa sauti ndogo. "Inchi hii iko mukubwa."

Nikainua mkono. "Mama Mwalimu, papa yangu iko fasi gani?"

Alitembea kwa uangalifu kati ya punje, akainama, akagusa mahali. Kamina yetu ilikuwa karibu na miguu yangu. Kidole chake kilikuwa kule. Nikapima kama mama alivyonifundisha, kwa gameli, nikaona chakula cha baba kilikuwa kimekwisha zamani sana. Nchi niliyokuwa nikijivunia dakika ile ile ilikuwa na nafasi ya kutosha kummeza baba yangu na isishibe.

Ulipofika wakati wa kukusanya mahindi yaende sufuriani, mimi niliketi pale Kabalo, nikakataa mtu asiguse.

"Papa atakula nini?" nililia.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja kati ya wakimbizi, aliyefika Kamina kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, akauvuka mstari, akachuchumaa mbele yangu.

"Weye unawaza kule ni pori tupu?" aliniambia. "Mutoto, kule kuko bantu. Minyi natoka kule."

Mama Mwalimu akaziacha punje zangu. Kuku walizila kabla ya jioni, lakini maneno ya yule mama, kwamba kule kuna watu, nilikwenda nayo nyumbani, nikampelekea mama yangu. Aliyasikiliza akiwa amenipa mgongo.

Baba alirudi nilipokuwa nimeshaanza sekondari. Alikuwa amezunguka kwa mitumbwi, akipandisha mto Lualaba kijiji kwa kijiji mpaka Mulongo, kisha Bukama, akaingia Kamina katika treni ya wenzake kama abiria. Alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe, na mkononi ana gameli. Mama aliichukua kabla hajamkumbatia. Akaifungua. Ndani mlikuwa na bukari iliyopoa na samaki mzima.

"Nani alikupikia?" mama aliuliza.

"Mama mumoja wa Bukama. Hata jina yake sijue," baba alisema. "Fasi yote nilipita, bantu balinipa kula. Hii gameli haikulala mutupu hata siku moja."

Hapo ndipo mama alipolia, kwa sauti, kambi nzima ikasikia. Kisha akatugawia kile chakula, tonge tonge, tukala tumesimama.

Leo nafanya kazi Lubumbashi, katika ofisi inayoandaa majedwali ya maendeleo, na eneo la nchi lina safu yake. Miaka yote ya vita, nambari ya Kongo katika safu hiyo haikupungua hata kidogo. Wageni wakiiona hupiga mluzi. Mimi bado huishangaa, wala sioni haya. Juzi mwanangu aliniuliza nchi yetu ni kubwa kiasi gani. Nilijua nambari hiyo kwa moyo. Badala yake nilikwenda jikoni, nikaishusha gameli msumarini, nikamwambia afungue anuse.

"Samaki," alisema.

Nikamwambia habari za yule mama wa Bukama aliyempikia babu yake, na tangu hapo hajaacha kuniuliza jina la mama huyo.