Nilikata Chuma cha Gari, Rafiki Yangu Akaomba Msamaha

Mwaka wa 1998 nikiwa na miaka arobaini na sita ndio shida yangu ilianza, na niliianza mwenyewe kwa mkono huu. Sitamsingizia shetani. Ni mimi!

Nilisoma hadi darasa la tatu. Gereji yangu hapa Machakos nilianza na spana mbili, na kufikia mwaka huo hakuna bodi ya gari ingenishinda. Watu walinijua. Nami nilijijua zaidi, na hapo ndipo ubaya.

Siku moja Msomali mmoja mnunuzi wa ng'ombe alituletea gari ndogo ya Kijapani, milango miwili, magurudumu ya nyuma ndio yanasukuma. Aiya! Hiyo kitu ilikuwa tamu. Tulibishana wiki nzima: Wajapani wakitoa nyingine baada ya hii, itakuwa namna gani? Wengine wakasema injini kubwa. Mimi nikakataa. Injini iwe ile ile, uzito ndio upunguzwe.

"Basi ngoja Wajapani," akasema Mutuku. Hilo si jina lake. Alikuwa fundi wangu wa injini, na rafiki tangu tukichunga mbuzi.

"Kwani Mjapani ako na mikono mitatu?" nikamwambia. "Nitaitengeneza kabla yao!"

Nikanunua moja kama hiyo, kuukuu, iliyogongwa. Bodi nikaifunga upya kwa bati nyembamba. Viti vya nyuma nje. Kioo cha nyuma nikaweka plastiki. Kila nilichotoa nilikipima kwa mizani ya mahindi. Bado nilitaka ipungue.

Chini kwa nyuma kulikuwa na chuma kinachoshikilia difu, ile gia ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, kwa bodi. Mutuku aliniona nikikiangalia.

"Musee, hiyo usiguse. Gari ya kusukumwa na nyuma, nguvu yote inapita hapo."

"Wewe shughulika na injini yako," nikamjibu.

Jumapili akiwa kanisani, nikakikata. Nikachomelea kipande chembamba, nikapaka rangi nyeusi. Hakuuliza, nami sikumwambia.

Siku ya kuijaribu aliendesha yeye, maana ni dereva mzuri kuliko mimi. Barabara ya murram, changarawe tupu, upande wa Katangi. Kona ya pili akakanyaga mafuta, gari ikazunguka, ikapinduka.

Nilikuwa nafuata na pikap. Nilifika wa kwanza. Na nisikilizeni vizuri: kabla ya kumshika mkono, niliangalia chini ya gari. Kipande changu kilikuwa kimekatika.

"Nimeharibu gari yako?" akaniuliza, mguu umebanwa ndani.

"Ulikanyaga mafuta sana," nikasema.

Mungu wangu! Maneno matatu tu!

Mguu ulikatwa. Alipopona, alikuja kwangu na magongo, wazee wanne wa ukoo wake, na mbuzi, kuniomba msamaha. Yeye, kuniomba mimi! Kwetu mbuzi kama huyo akishaliwa, maneno yamekwisha. Anayeyafufua ametukana wote waliokaa pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema kabla kisu hakijafika shingoni mwa mbuzi. Sikusema. Nikala! Nikapewa nyama kwanza kama mtu aliyekosewa, nikatafuna huku Mutuku akiniangalia kwa shukrani.

Tangu hapo nimefungwa. Nikisema, nimewadharau wazee, na mbuzi wao yuko tumboni mwangu. Nikinyamaza, Mutuku akikutana na mimi ananiambia, "Asante vile haukunishtaki." Bibi yangu hajui. Wazee wawili wamekufa wakiniamini. Na Mutuku hajashika usukani tena, hata wa trakta. Anasema hajiamini. Yeye!

Wewe fundi unayesoma hii, ukikata chuma, sema umekata. Sema siku hiyo hiyo, gari ikiwa bado imesimama. Usikubali kuombwa msamaha na mtu uliyemkosea. Huo mlango ukijifunga, hauna kitasa ndani.

Leo niko na gereji kubwa, ploti mbili Katangi, ng'ombe saba, nyumba ya mawe na pikap inayotembea. Mutuku ako na mguu mmoja na kaduka ka kuuza mafuta ya taa. Kila Krismasi ananiletea kuku.