Mfuko Usiopita Mwangani

Ting, ting, ting: kijiko kikikoroga uji ndani ya kikombe cha bati. Mama mmoja kutoka mji mdogo wa Kilo alikuwa wodini akimkorogea uji binti yake Rebecca, wa miaka minne. Asubuhi mtoto alikuwa amekosa rangi hata midomoni. Mchana, baada ya mfuko mmoja wa damu, aliomba chakula.

Dorothée, laborantine, yaani mpimaji wa maabara, wa banki ya damu ya hospitali hapa Bunia, ndiye aliyeupima mfuko ule na kuusaini. Ukimwi haukuwamo, wala homa ya ini, wala kaswende. Malaria hawakupima, kwa kuwa huku kwetu karibu kila mtoa damu anayo kidogo. Alisimama mlangoni akitaka kumwambia yule mama: mtoto akipata joto, mrudishe mbio. Akaiona furaha ile, akanyamaza. Wiki mbili baadaye Rebecca alishikwa na joto nyumbani. Mama yake alidhani ni uchovu, akangoja siku tatu. Alipomleta, alikuwa amechelewa; mtoto hakupona.

Miaka sita imepita, na Dorothée bado anakisikia kijiko kile, hata kanisani, watu wanapoimba. Chai yake huinywa bila sukari, asikoroge kitu.

Kisha ikaja mashine. Damu huchanganywa na vitamini ya manjano, mfuko hulazwa ndani, ukatikiswa taratibu kwa muda wa saa moja chini ya mwanga ambao jicho halivumilii. Vijidudu vilivyomo, vya malaria na vingine, hushindwa kuzaana. Siku ya kwanza Dorothée aliutazama mfuko ukitoka, akalia, akasingizia vumbi.

Mwezi uliopita akaletwa Adeline, amejifungua na kupoteza damu nyingi. Kaka yake Athanase, aliyeshuka kutoka Kpandroma, alinyoosha mkono kabla hajaombwa. Damu yake ikapimwa, ikaingia mashinani. Daktari alisema mgonjwa anaweza kungoja saa moja, si mbili.

Dakika ya arobaini umeme ukakatika. Jenereta ilipowaka, mashine ilikuwa imesimama.

“Hii mufuko imeharibika,” Dorothée alisema. “Ikikatiwa katikati, hairudiwe.”

“Mama Dorothée, hata mboga ya pondu ikikosa moto unarudishaka tu sufuria!” Athanase alisema. “Ilisha kuiva nusu. Malizia kidogo.”

“Damu haiko pondu, kaka.”

“Basi nipe yangu, niirudishe ku mukono!”

Alicheka peke yake. Dorothée alikitazama kitufe. Angekibonyeza, nani angejua? Mfuko ungetoka na alama ya mashine, nao ungekuwa umedanganya. Akauweka kando, wa kutupwa.

Mlango ukafunguliwa. Daktari: mgonjwa anazidi kulegea, toa chochote kilichopo. Ndani ya friji ulikuwepo mfuko mmoja wa kundi la Adeline, umepimwa kama ule wa Rebecca, bado ukingoja zamu yake ya kupita mwangani. Saa nyingine nzima hawakuwa nayo. Dorothée akasaini, akaandika wazi juu ya karatasi kwamba haukutibiwa, akaubeba mwenyewe hadi kitandani.

Jioni Adeline alifungua macho, akamwita mtoto wake. Athanase akamfuata Dorothée mpaka kwenye korido.

“Dada yangu usimwambie ile mambo ya mashine. Atavunjika roho. Kwetu mugonjwa anapewaka habari ya muzuri tu.”

“Najua,” alisema Dorothée. Alijua sana.

Siku tatu alipita pale kila asubuhi, akaweka kiganja kwenye paji la uso la Adeline, akaondoka. Siku ya nne mizigo ilikuwa imefungwa, Athanase ameenda kutafuta pikipiki.

“Mama,” Adeline alimtania, akimnyonyesha mtoto, “unanigusa uso kila siku kama mukate unaona kama imeiva. Uko na nini?”

Mwanamke alikuwa anang’aa kwa furaha. Dorothée alitazama mlango, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akainama hadi karibu na sikio lake.

“Damu yako haikupita ku mwangaza, mama,” alisema kwa sauti ndogo sana. “Joto ikikushika, hata kidogo, usingojee mutu. Kuya mbio hapa kwangu.”