Nilivyoufuata Mguu wa Salum Hadi Uroa

Niliondoka kwangu mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa sababu mume wangu, Salum, alikosa zamu yangu. Alikuwa kwa mke mwenzangu, Mwanaidi, kule Uroa, akaniletea salamu kwamba mguu umemlegea, hawezi safari.

"Kashalishwa kitu," nikamwambia shoga yangu. "Nnakwenda kumchukua mwenyewe."

Wivu ulinikaba, sifichi.

Asubuhi nilipanda gari la shamba pale Darajani, na chupa ya kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, ya kumtolea uchawi nimeipakata. Enzi zile za Sultani gari lilikuwa la mbao, linatikisika mpaka mbavu zinauma. Tangu tulipopita Dunga nilikuwa nikimtukana Mwanaidi kimoyomoyo. Chwaka nikateremka, nikafuata pwani kwa miguu na jua la utosi.

Uroa nilimkuta Mwanaidi mlangoni, mimba imemjaa. Hata hilo sikuwa nikilijua.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umemfanya nini mume wetu?"

Akainamisha kichwa. "Makumbi, dada. Mimi siwezi tena kuchutama. Maji yakipwa huenda yeye pwani kunipondea yatoke nyuzi za kamba, kachutama kutwa. Watu wanamcheka, hasikii."

Kuponda makumbi ni kazi ya wanawake, na Salum ni fundi cherahani ambaye kwangu hata ndoo ya maji hajapata kuinyanyua! Akatoka ndani. Kila akiinua mguu wa kulia, vidole vinaburuzika mchangani.

Kesho yake tulimpandisha gari la ng'ombe mpaka Chwaka, na kutoka hapo mimi naye mpaka hospitali ya mjini. Daktari alimbonyeza chini kidogo ya goti, upande wa nje, Salum akaruka.

"Mshipa wa fahamu unaoinua wayo unapita hapa, juu ya mfupa, hauna nyama ya kuukinga," daktari akasema. "Ukichutama kutwa unabanwa, na wayo unalegea. Usichutame tena. Utapona taratibu, inshallah."

Nikangoja Salum aulize ni lini atatembea vizuri.

"Sasa Mwanaidi," akauliza, "nani atampondea makumbi?"

Nikatoka nje, nikalia mbele za watu bila haya. Uroa nilikwenda kutafuta uchawi, na laiti ningeukuta, kombe langu lingeutoa. Salum hakulogwa. Anampenda.