Mzaramo Aliyemlilia Mama Kabla ya Wakati

Ukuta wa chumba cha mama ulipasuka siku ya tetemeko, na wiki tatu baadaye mama alikuwa bado analala chini yake. Ufa ulianzia juu ya dirisha ukapanda kwenye ile pembetatu ya tofali inayokwenda kukutana na kofia ya paa. Pembetatu yenyewe ilikuwa imeanza kuinamia ndani, upande wa kichwa cha kitanda.

Nyumba iko Kagongwa, ya tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Tofali hizo mama alizifyatua mwenyewe pamoja na marehemu baba, kwa hiyo ukiisema nyumba ile umemsema yeye.

"Halikuwa tetemeko," aliniambia. "Ni baruti za machimboni. Wakichoka wataacha."

Mimi nilisoma fasihi chuo kikuu, jambo ambalo halijawahi kumzuia msomi yeyote kutoa ushauri wa ujenzi. Nilikuwa nimefika na hotuba. Nilimweleza kwamba tetemeko likija kila ukuta hucheza ngoma yake, na hapo ndipo nyumba inapoachana. Dawa ni kuzifunga kuta zicheze pamoja: nondo zipite kutoka ukuta huu hadi ule, zikazwe kwa nati juu ya bamba la chuma, na ile pembetatu ishikwe na kenchi za paa. Ili anielewe, nilipanga maandazi yake juu ya sinia yakawa kuta nne, nikatikisa.

Hayakuanguka. Yalikuwa yameshikana kwa mafuta. Nikatikisa kwa nguvu zaidi. Chai ikamwagika, kuta zikabaki zimesimama.

"Umeona?" mama akasema. "Kitu kilichopikwa vizuri hakianguki."

Nikamwomba basi ahamie chumba cha mbele.

"Nihame chumba cha mume wangu kwa ajili ya andazi?"

Ukweli wenyewe ulitoka jioni. Mabamba yangeonekana nje, upande wa barabarani, na watu wangesema nyumba ya mjane imefungwa pingu.

Nikaenda kwa fundi. Huyu ni Mzaramo aliyefuata dhahabu Geita, akaikosa kwa miaka sita, akageukia uashi. Nilimweleza yote, pamoja na maandazi. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mama yako ni Msukuma, mimi ni mtani wake," akasema. "Niachie. Wewe usitoe hotuba tena."

Asubuhi iliyofuata alifika uani, akautazama ule ufa kwa heshima, akavua kofia, akaketi mavumbini na kuangua kilio. Majirani wakaja mbio, akina mama wawili tayari wameshafunga khanga kiunoni. Mama akatoka na mchi mkononi.

"We Mzaramo, unamlilia nani hapa kwangu?"

"Nakulilia wewe, mama! Nimeona niwahi, maana wiki ijayo nina kazi Kahama, nisije nikakosa mazishi yako!"

Uani pakalipuka kwa vicheko. Mtu mwingine angekula ule mchi, lakini mtani hakasirikiwi. Anajibiwa tu, na mama hajawahi kushindwa kujibu.

"Nyie mnaojenga kwa makuti mnajua nini kuhusu nyumba? Ikiwaangukia mnadhani mmefunikwa shuka!"

"Ndiyo, mama, halafu tunaendelea kulala. Wewe ya kwako ikikufunika hatutakutofautisha na tofali. Tutazika vyote." Akalia upya. "Na jogoo wa msiba yuko wapi? Mimi siondoki bila jogoo!"

"Mpe huyo jogoo anyamaze, mayu," jirani mmoja akamwambia mama huku akifuta machozi ya kicheko. "Au mpe ukuta."

Mama alimtazama jogoo wake, kisha ukuta. Nadhani jogoo ndiye aliyeamua.

"Funga," akamwambia fundi. "Lakini hivyo vyuma vyako uvipake rangi ya ukuta. Na ukimaliza, wa kwanza kulala humo ni huyu msomi."

Kazi ilichukua siku nne. Fundi na vijana wake walitoboa, wakapitisha nondo, wakakaza nati, wakaisimamisha ile pembetatu na kuifunga kwenye kenchi. Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, mama alinionyesha kitanda. Nikalala chali. Nataka kukiri jambo: elimu yote niliyoitangaza nikiwa nimesimama ilinitoka mara tu nilipolala chini ya tofali zile. Lori la ng'ombe lilipita barabarani, dirisha likalia, nikafumba macho kama mtu anayesubiri kofi.

Ukuta haukutikisika. Nilipofumbua, mama alikuwa amesimama mlangoni, ananichunguza usoni, si ukutani.

"Umeogopa," akasema.

"Kidogo."

"Lakini hukukimbia." Akavua kandambili. "Haya, sogea."

Akalala upande wa ukutani, akaniambia nipunguze kuhema, na kabla lori la pili halijapita alikuwa ameshaanza kukoroma.