Jina Ambalo Mama Tekla Hakulitaja

Asukile alikuwa fundi mwashi. Alizaliwa Rungwe, akaja Mbeya akiwa kijana, akajenga nyumba za watu pale mtaa wa Soweto miaka mingi kabla hajajenga yake. Shule hakwenda. Mkewe Yudith watu walimwita Mama Tekla, kwa jina la binti yao wa kwanza, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa Rujewa. Kitindamimba wao alikuwa wa kiume, Jailos.

Jina hilo lilikuwa la baba yake Asukile, mzee aliyekuwa bado hai kule Rungwe. Na kwa Wanyakyusa mke hatamki jina la baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, anapisha pembeni mpaka apite. Kwa hiyo Mama Tekla alimwita mwanawe Tata, yaani Baba, tangu siku alipompakata mara ya kwanza. Mtoto akazoea kuitika hivyo. Nyumbani wala halikuwa jambo la kusemwa.

Mwaka wa sabini na sita Jailos akaingia kwenye kundi la skauti wadogo. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Filemoni, mtu wa Iringa, mrefu, mpole, lakini kwenye utaratibu hana masihara. Utaratibu wake wa kwanza ulikuwa huu: mtoto haji peke yake. Skauti akipanda miti, baba na mama wanapanda. Skauti akilima, wanalima.

Wakaanza na mvua. Januari walipanda mikaratusi kwenye mteremko juu ya shule, matope yakifika vifundoni. Mama Tekla alichimba mashimo kuliko wanaume wawili. Machi wakapalilia maharage ya kundi. Kazi ikiisha kina mama walikoroga uji kwenye pipa, na Mama Tekla ndiye aliyeshika mwiko, akiwatania wake za makarani kwamba mikono yao laini kama maandazi. Walimpenda. Asukile alimtazama akafurahi, kwa sababu katika wazazi wale wengi walikuwa watu wa kalamu, na yeye mtu wa mwiko wa saruji, na mkewe ndiye aliyekuwa amemfungulia mlango kwao.

Juni wakaenda kambi Iringa. Lori liliwabeba wote, watoto mbele, masufuria katikati, wazazi nyuma wamejifunika mablanketi. Huko walipokelewa na kundi la skauti wa Iringa na wazazi wao. Kila familia ikapanga mafiga yake uwanjani karibu na mto. Baridi ya huko ilikuwa ya kuuma masikio.

Jioni wanaume wakakaa pamoja wakiota moto. Alikuwapo Bartholomeo, karani mmoja wa Iringa, mwenye maneno mengi. Akaanza habari za mila. Akasema, "Wenzetu wa Rungwe huko, eti mwanamke akimwona mkwewe anaruka mtaro kama mbuzi. Ni kweli hiyo, fundi?"

Wakacheka. Haikuwa kwa ubaya. Asukile naye angeweza kucheka, akasema ndiyo, ni kweli, na ninyi mna yenu. Lakini alijiona yuko katikati ya watu wa ofisi. Akasema, "Mambo ya zamani hayo. Kwangu hayapo. Tumeshaacha."

"Hapo sawa, ndugu yangu," Bartholomeo akasema, akampisha asogee karibu na moto.

Asubuhi ukawa mchezo. Watoto walifungwa vitambaa machoni, wakasimamishwa katikati ya uwanja. Kina mama wakakaa pembezoni, wametawanyika. Mwalimu Filemoni akaeleza: mama mmoja mmoja ataita jina la mwanawe, na mtoto atafuata sauti mpaka amguse. Kelele hakuna. Wakaanza. Mtoto wa huyu akaenda moja kwa moja, wa yule akajikwaa, watu wakashangilia. Ikafika zamu ya Mama Tekla.

Akaita, "Tata! Tata, njoo huku."

Jailos akageuka palepale, akaanza kuja, mikono mbele.

Mke wa Bartholomeo, Verediana, akashika mbavu. "Jamani, huyu anamwita mtoto baba! Yupi anamlea mwenzake?"

Watu wakacheka. Mwalimu Filemoni, hajui lolote, akainua mkono. "Subiri, mwanangu, simama hapo. Mama, tumia jina lake kama wenzio. Wengine wasije wakasema tumependelea."

Jailos akasimama. Mama Tekla akafunga mdomo. Uwanja ukanyamaza, na yeye akanyamaza. Mtoto alibaki pale katikati na kitambaa chake, akigeuza kichwa kushoto na kulia, akitafuta sauti ambayo haikuja.

"Amelisahau," mtu akasema.

"Watoto wakiwa wengi ndivyo ilivyo," akajibu mwingine.

Mama Tekla akamtazama mumewe. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, kando ya Bartholomeo. Neno moja la Asukile lingetosha. Lakini lilikuwepo neno la jana pale motoni, na Bartholomeo alikuwa anamwangalia huku nyusi zimepanda. Asukile akacheka. Akacheka na wao, kwa sauti, kama mtu ambaye jambo lile halimhusu.

Mama Tekla akainamisha macho. Mwalimu akamfungua mtoto kitambaa mwenyewe, akaendelea na mwingine.

Kwenye lori, kurudi, Jailos alikaa katikati ya wazazi wake. Walipopita Makambako akauliza, "Baba, kwa nini na wewe ulicheka?"

"Lala," Asukile akamwambia.

Nyumbani Mama Tekla aliendelea na kazi zake. Alipika, alifua, alimwamkia mumewe asubuhi kama siku zote. Lakini Agosti skauti walipokwenda kufyatua matofali ya kumjengea bibi mmoja asiye na watu, hakwenda. Aliwafungia Asukile na Jailos viazi kwenye kitambaa, akawapa. Septemba hivyo hivyo. Wake za makarani wakauliza, "Mama Tekla yuko wapi? Mwiko unamngoja."

"Ana kazi," Asukile akajibu. Siku nyingine, "Anaumwa mgongo." Baadaye wakaacha kuuliza. Mmoja akasema mama yule ameanza kujisikia. Asukile alisikia, akaendelea kufyatua tofali. Matofali ndiyo kazi yake, lakini siku ile yalimtoka yamepinda.

Desemba ikawa siku ya ahadi. Kila mtoto aliyemaliza mwaka angeitwa na mama yake mbele ya watu, kwa jina lake, atoe ahadi ya skauti, kisha mama amfunge skafu shingoni. Jailos alikuwa ameijua ahadi yote kwa moyo. Siku chache kabla, akasema akiwa anakula, "Mama asipokuja, mimi sitoi ahadi."

Mama Tekla akasema, "Nitakuja, Tata. Ila sitataja jina."

Asukile akaona wamemwachia yeye. Akasema, "Nitaongea na mwalimu."

Akaenda kwa Mwalimu Filemoni. Akakaribishwa kiti, akapewa chai. Wakaongea habari za mvua, habari za mbolea, habari za bei ya bati. Chai ikaisha. Asukile akaaga, akarudi nyumbani bila kulitaja jambo lililompeleka. Mkewe alimwangalia mara moja tu alipoingia, akajua, akaendelea kupepeta mchele.

Siku ikafika. Watu wa Iringa nao walikuja, Bartholomeo na Verediana wakiwemo. Watoto walisimama safu moja, soksi zimevutwa juu. Mama mmoja mmoja alisimama, akaita, akafunga skafu. Mama Tekla alikaa mwisho wa benchi, kanga yake mpya mabegani.

Mwalimu akasema, "Mama Tekla, karibu umwite kijana wetu."

Akasimama. Hakuita. Verediana akamnong'oneza jirani yake, na jirani akafunika mdomo. Jailos alitazama mbele, lakini kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

Asukile akainuka. "Mwalimu," akasema, "mke wangu hatamki jina hilo. Ni jina la baba yangu. Kwetu ni heshima. Hata kule Iringa alinyamaza kwa sababu hiyo." Akamgeukia mtoto. "Mtoto nitamwita mimi. Jailos."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Filemoni aliweka mkono kifuani. "Fundi, si ungesema tu? Mama yangu mzazi mpaka leo hajawahi kutaja jina la babu yetu. Angekuwa pale uwanjani angenipiga kibao. Mama, nisamehe sana."

"Na mimi, mama," Verediana akasema kwa sauti ndogo.

Hata Bartholomeo aliitikia kwa kichwa, akasema kwao Iringa wapo wengi wa hivyo. Ndipo Asukile akahisi uso unamwaka. Kumbe kitu alichokificha nusu mwaka hakikuwa na mtu wa kukicheka. Mkewe alikuwa ameubeba mzigo ule bure.

Jailos akatoa ahadi bila kukosea. Mama Tekla akamfunga skafu, akainyoosha taratibu kwa vidole, watu wakapiga makofi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Jailos alitangulia mbele na wenzake, akikimbia. Mama Tekla na Asukile walikwenda pole pole. Walipofika kwenye kona ya dukani, Mama Tekla akasema, bila ukali, "Hukumalizia."

"Nini?"

"Umewaambia kwa nini mimi nilinyamaza. Kwamba wewe ulijua, ukacheka nao, hukuwaambia."

Wakafika mlangoni kwao. Mama Tekla akavua kanga mpya, akaikunja, akaenda jikoni kuwasha moto. Yeye akabaki amesimama uani, mikono mitupu.